GARI LISILOTII MGUU WA DEREVA

Kila basi linapopinduka katika nchi hii, au daladala inapoacha barabara na kuingia katika kibanda cha mama lishe, sababu zinazotajwa siku ya kwanza ni mbili, na masikio yetu yamekwisha kuzizoea: mwendo wa kasi, na breki kukataa. Dereva akiwa hai atasema breki zilikataa. Akiwa amefariki itasemwa alikuwa akikimbia, naye hana tena ulimi wa kujitetea. Kisha, siku ya matanga, mtu mzima mmoja atasema kwamba ajali haina kinga, waliokaa jamvini wataitikia, na shauri litafungwa pamoja na kaburi.

Leo tunapenda kuleta mbele ya wasomaji wetu wa Visiwani, na mbele ya watumishi wa Serikali wenye dhamana ya vyombo vya usafiri, sababu ya tatu ambayo haitajwi ipasavyo. Nayo ni ile ya gari ambalo dereva wake ameondoa mguu juu ya pedali ya mafuta, lakini injini haikusikia. Mguu umetoka, mafuta yamebaki. Gari linaendelea kuvuta kana kwamba kuna mguu wa pili usioonekana. Hatusemi kwamba kila ajali ni ya namna hiyo. Tunasema kwamba ajali ya namna hiyo ikitokea, watu wengi hawana jina la kuipa, na kwa hiyo huandikwa chini ya jina la nyingine.

Tumechagua kuyaandika haya Nzuguni, na tuna sababu. Nzuguni iko mashariki ya jiji la Dodoma, katika barabara iendayo Morogoro hadi Dar es Salaam. Hapa ndipo kilipo kituo kikuu cha mabasi, na ubavuni mwake Soko la Job Ndugai. Hapa ndipo vilipo viwanja vya Nane Nane, ambako kila Agosti hukusanyika wakulima na wafugaji wa kanda ya kati. Mtumishi anayetoka mjini asubuhi kwenda ofisini kwake katika Mji wa Serikali, Mtumba, hupita hapa hapa. Na Mpemba aliyevuka bahari kwa boti, akapanda basi Dar es Salaam kuja kumwona mwanawe anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, mguu wake wa kwanza katika jiji hili hukanyaga Nzuguni. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2024 treni ya reli mpya ya kisasa imechukua abiria wengi, na tunaipongeza. Lakini mwenye magunia, mwenye watoto wanne, na mwenye kwenda vijijini bado ni mtu wa basi na Hiace. Ongeza bajaji, ongeza bodaboda, ongeza malori ya masafa yanayoelekea Singida na kwingineko, nawe utaelewa kwa nini gari moja lisilotii mguu, mahali kama hapa, si jambo la mwenye gari peke yake.

Tena wenyeji wa mkoa huu hawahitaji kufundishwa maana ya chombo kinachokwenda pasipo amri ya mwendeshaji. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilishindwa, ikarudi nyuma kwa kasi, nayo ikagongana na treni ya mizigo huko Igandu. Watu 281 walipoteza maisha. Ile ilikuwa habari ya breki na mteremko, na hii yetu ni habari ya waya na springi. Lakini mtu aliyekuwa ndani ya behewa siku ile na mtu aliye ndani ya Hiace iliyokwama mafuta wanashiriki jambo moja, nalo ni kutazama chombo kikifanya kisichoamriwa.

Sasa tueleze kitu chenyewe, kwa maana wengi wetu tunapanda magari maisha yetu yote bila kujua kinachopita chini ya boneti. Katika magari ya zamani, kutoka pedali ya mafuta hadi kwenye injini kuna waya mwembamba wa chuma uliosokotwa kwa nyuzi nyingi ndogo. Mafundi huuita waya wa eksileta. Waya huo hupita ndani ya ala, mfano wa upanga ndani ya ala yake. Dereva akikanyaga, waya huvutwa, na mwisho wake hufungua kijimlango cha duara ndani ya kabureta, au katika bomba la hewa kwa injini zisizo na kabureta, ili injini ivute hewa na mafuta zaidi. Kwa injini za dizeli za aina ya zamani, kama zile za Hiace na Land Cruiser tunazoziona kila siku, waya huvuta mkono wa pampu ya dizeli. Katika hali zote hizo, mguu wa dereva una kazi moja tu: kufungua. Kufunga si kazi ya mguu. Kufunga ni kazi ya springi.

Tunaomba msomaji asimame hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye shina la jambo. Watu hudhani kwamba wanapoinua mguu wanaliamuru gari lipunguze mwendo. Hawaliamuru. Wanaacha kuvuta, basi, na wanatumaini kwamba springi iliyo mbali na macho yao itaurudisha waya nyuma. Springi ikiwa imechoka, au waya ukiwa umekwama ndani ya ala, tumaini hilo halina mtu wa kulitimiza.

Na hapa kuna jambo ambalo lilitushangaza sisi wenyewe tulipolielewa. Waya uliokatika kabisa ni muungwana kuliko waya uliochanika nusu. Ukikatika wote, springi huvuta kijimlango kikafunga, injini hushuka ikanguruma polepole, na gari husimama pembeni. Abiria watalalamika, konda atatukanwa, lakini jioni kila mtu atakula kwake. Waya uliochanika nusu haufanyi hivyo. Nyuzi zake mbili tatu zilizokatika hujikunja na kusimama kama miiba ya samaki. Ukivutwa kuelekea mbele, miiba hulala na kupita. Ukitakiwa kurudi, miiba hukwama katika ala. Kwa hiyo gari huongeza mwendo vizuri kabisa, wala dereva hana shaka, mpaka ile dakika anayotaka kupunguza.

Chuma hakichakai kwa namna moja kila mahali. Uwanda huu wa Dodoma uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,100, nao una kiangazi kirefu chenye upepo na vumbi jekundu laini linaloingia hata katika saa iliyofungwa. Vumbi hilo likikutana na oili au grisi ndani ya ala ya waya hugeuka kuwa tope kali la kusagia, na kila mguu wa dereva unapokanyaga, waya hujisaga wenyewe. Fundi mwenye huruma akiongeza oili bila kusafisha kwanza, ameongeza tope. Visiwani adui ni mwingine. Kule hakuna vumbi la namna hii, lakini kuna hewa ya chumvi, na kila mwenye baiskeli Makunduchi au Wete anajua waya wa breki unavyooza kutoka ndani huku nje ukiwa bado unang'aa. Zile gari za bodi la mbao zinazokwenda mashamba, zikibeba watu, ndizi na mikungu ya nazi kwa pamoja, haziepukani na chumvi hiyo. Bara tunasagwa, Visiwani tunaliwa na kutu; mwisho wa waya ni mmoja.

Tulikaa nusu siku katika gereji moja isiyo mbali na kituo cha mabasi. Gereji ni neno kubwa: ni mwarobaini mmoja, turubai, na ardhi iliyogeuka nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Fundi, kijana wa makamo asiye na maneno mengi, alitupa mkononi waya aliouchomoa asubuhi ile katika Hiace.

"Mzee, uvute."

Tukauvuta. Ukaja bila taabu.

"Sasa uache urudi."

Haukurudi. Ilitubidi kuusukuma, na tuliposukuma ulipinda.

Tulimwuliza kama dereva wa Hiace ile hakujua. Akacheka kidogo. "Alijua, mzee. Ana wiki mbili anasema pedali nzito. Kila siku ananiambia, fundi, wewe nipakie oili tu, nikamalizie hesabu."

Neno hilo, hesabu, lahitaji kutazamwa na wakubwa. Dereva wa daladala hampelekei mwenye gari mshahara wa mwezi. Humpelekea kiasi kilichokubaliwa kila siku jioni, na kinachozidi ndicho chake na cha konda wake. Gari likilala gereji siku moja, hesabu hailali. Dereva anayeripoti kwamba pedali ni nzito anaripoti njaa yake mwenyewe. Ndiyo maana dalili hizi, ambazo kila dereva anazifahamu kabla ya balaa, hubaki kuwa siri kati ya mguu wake na pedali: pedali inakuwa nzito kuliko jana, injini haishuki upesi baada ya kubadili gia, hubaki ikilia kwa sekunde mbili tatu, au mguu ukiondoka pedali husita nusu ya njia kabla ya kupanda. Gari lenye dalili moja kati ya hizo limekwisha kusema. Kinachobaki ni nani atakayelisikiliza.

Wapo watakaotuambia kwamba haya ni mambo ya umaskini, na kwamba mtu hutengeneza kwa alichonacho. Tunaijua hoja hiyo, na tunaiheshimu, kwa sababu tumeiishi. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 fedha za kigeni zilipokauka, spea hazikupatikana, na Bedford na Land Rover za mashirika ya umma zilitembea kwa akili ya mafundi tu. Mpira wa tyubu ulifanya kazi ya springi. Waya wa breki ya baiskeli ulifanya kazi ya waya wa eksileta. Watu wale walistahili nishani. Lakini tangu mwaka 1984, Serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, maduka ya spea yameendelea kuongezeka, na leo waya wa eksileta ni miongoni mwa vitu rahisi sana katika gari zima. Mpira wa tyubu uliookoa jahazi wakati ule hauna udhuru wa kuwapo leo katika gari linalobeba watu kumi na wanane. Mpira hulegea kwa joto la injini. Springi ya chuma haifanyi hivyo upesi.

Na tusidhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini peke yake. Mwaka 1971 kampuni ya General Motors ya Marekani ililazimika kuyaita magari ya Chevrolet yapatayo milioni 6.7, yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 1965, ili yarekebishwe. Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu. Mipira inayoishikilia injini mahali pake, ambayo mafundi wetu huiita mauntingi, ilikuwa ikikatika. Injini ikanyanyuka upande mmoja wakati wa kuongeza mwendo, na katika kunyanyuka huko ikavuta yenyewe viungo vya mafuta. Kadiri ilivyovuta ndivyo ilivyonyanyuka, na kadiri ilivyonyanyuka ndivyo ilivyovuta. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuifunga injini kwa kipande cha waya ili isiinuke. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mauntingi zilizokufa ni ugonjwa wa kawaida katika magari ya mitumba yanayotembea katika barabara za changarawe, nasi tumezoea kuzichukulia kuwa kero ya mtikisiko tu.

Mwaka 1973, ambao kwetu ndio mwaka wa Sheria ya Usalama Barabarani na ndio mwaka ulioamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, Wamarekani walianza kutumia kanuni juu ya jambo hili hasa. Kanuni yenyewe ni fupi na ina busara. Dereva akiondoa mguu, mafuta lazima yafunge ndani ya muda mfupi, kwa kawaida sekunde moja. Waya ukikatika, mafuta lazima yafunge vilevile. Na kazi ya kuyafunga isitegemee springi moja: ziwepo nguvu mbili, ili moja ikifa nyingine ibebe. Magari mengi yaliyokuja kwetu kutoka viwandani tangu wakati huo yana springi mbili. Msomaji mwenye gari la zamani na afungue boneti akahesabu. Akikuta moja, na mahali pa pili pana tundu tupu, ajue kwamba fundi fulani, siku fulani, aliona hiyo ya pili haina kazi.

Magari ya kisasa hayana waya huo. Pedali yake hupeleka habari kwa umeme. Je, yamepona? La. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego huko California, gari la Lexus lililoazimwa kwa mteja lilikwenda kasi bila kuzuilika hadi likaacha njia, na watu wanne wa jamaa moja wakafa. Aliyekuwa akiendesha alikuwa askari wa barabara kuu, mtu ambaye kuendesha ndiyo kazi yake. Ilionekana kwamba mkeka wa mpira wa sakafuni, usio wa gari lile, ulikuwa umeibana pedali ya mafuta. Mkeka tu. Baada ya hapo kampuni ya Toyota iliyaita mamilioni ya magari, mengine kwa ajili ya mikeka na mengine kwa pedali zilizokuwa zikinata, na mwaka 2014 ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 katika shauri la kuficha ukweli juu ya kasoro hizo. Sasa tazama ndani ya magari yetu: zulia la kiwandani, juu yake kapeti la duka, juu yake tena mpira uliokatwa ili kuzuia tope la masika. Pedali inapumulia wapi?

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kampuni zikiyaita magari, barua huenda kwa mwenye gari anayejulikana katika nchi ile. Mwaka 2012 kampuni ya Ford iliyaita magari zaidi ya 400,000 aina ya Escape ya mwaka 2001 hadi 2004, kwa sababu waya wa kudhibiti mwendo ungeweza kunasa na kuzuia mafuta yasifunge. Yalikuwa na umri wa miaka minane na zaidi. Gari la umri huo, kwetu, ndiyo kwanza limeshuka bandarini. Barua imekwenda Osaka au Southampton kwa mtu aliyekwisha kuliuza, na gari liko Kibaigwa.

Tunapaswa pia kutenda haki. Si kila dereva asemaye gari lilijiendea lenyewe anasema kweli, hata kama anaamini anachokisema. Nchini Marekani, katika miaka ya 1980, magari ya Audi yalituhumiwa vikali. Biashara yake kule ilianguka kutoka magari zaidi ya 70,000 mwaka 1985 hadi kiasi cha 12,000 mwaka 1991. Lakini uchunguzi wa serikali yao, uliotoka mwaka 1989, uliona kwamba sehemu kubwa ya visa vile madereva walikanyaga pedali ya mafuta wakidhani ni ya breki. Mtu akishtuka huzidi kukanyaga, na kadiri anavyokanyaga ndivyo gari linavyompa ushahidi kwamba breki zimekataa. Kwa hiyo hatumwombei dereva yeyote msamaha wa jumla. Tunachoomba ni uchunguzi. Gari likishavutwa hadi kituo cha polisi, mkaguzi ajaribu pedali, afungue boneti, autazame waya, ainue mikeka, kisha ndipo aandike sababu.

Tuje sasa kwa dereva mwenyewe, ambaye ana sekunde chache tu. Madereva wetu wengi walijifunza katika magari ambayo breki zake zilikuwa dhaifu, nao wakafundishwa kupampu: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Kwa gari la petroli lililokwama mafuta, desturi hiyo ni kitanzi. Kifaa kinachousaidia mguu katika breki hupata nguvu yake kutokana na mvuto wa hewa wa injini, na mvuto huo hupotea mafuta yanapokuwa wazi kabisa. Akiba iliyobaki hutosha kukanyaga mara moja au mbili. Anayepampu huimaliza akiba, pedali ya breki huwa ngumu kama jiwe, naye husema kwa dhati kabisa kwamba breki zilikataa. Hakudanganya, ila chanzo hakikuwa breki.

Nahodha wa jahazi anajua la kufanya upepo unapozidi. Hashindani na upepo kwa usukani peke yake. Hulegeza demani, tanga likapoteza upepo, chombo kikatulia. Gari nalo lina demani yake, nayo ni gia. Mwenye gari la gia za mkono akanyage klachi. Mwenye gari la otomatiki asukume gia hadi mahali pa wazi, ambapo madereva huita nyutro. Injini italia kama inataka kupasuka, na wengi hapo huogopa wakarudisha gia. Iache ilie. Injini hununuliwa. Kisha breki ikanyagwe mara moja kwa nguvu zote na isiachiwe, gari liongozwe pembeni, na likishasimama ndipo swichi izimwe. Kuzima katikati ya mwendo hufanya usukani kuwa mzito. Na anayechomoa ufunguo kabisa anaweza kuufunga usukani usigeuke, akawa ameondoa balaa moja na kuleta kubwa kuliko hilo.

Injini chakavu za dizeli zina wazimu wa peke yake, ambao hata kuzima swichi hakuuponyi. Oili ikivuja na kuingia katika njia ya hewa, injini huanza kunywa oili yake yenyewe badala ya dizeli, moshi mweupe au wa bluu hufunika barabara, na mlio hupanda bila kikomo. Gari likiwa limesimama, dereva wa gia za mkono aweke gia kubwa, ashikilie breki, aachie klachi ili injini izimike kwa uzito. La sivyo njia ya hewa izibwe kwa ubao au kitu kigumu, wala si kwa kiganja cha mkono. Utingo awashushe abiria kwanza.

Je, ni madereva wangapi wamepata kufundishwa haya? Tunawauliza wakuu wa vyuo vya udereva, wa VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na wale wa binafsi walio wengi zaidi. Mwanafunzi hufundishwa alama za barabarani, na ni vyema. Hufundishwa kurudi nyuma katikati ya nguzo. Kujaribu nyutro katika uwanja mtupu, injini ikilia, kunachukua dakika tano, na mwili ukishajua hausahau.

Kwa askari wa usalama barabarani na kwa LATRA, ombi letu ni dogo. Katika ukaguzi wa magari, mbele ya kutazama taa, tairi na mikanda, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini injini ikiwa imezimwa, kisha iachiwe. Inatakiwa iruke juu mara moja kwa kishindo. Ikipanda kwa uvivu, gari lisitoke kituoni. Jaribio hilo halihitaji mashine wala umeme, na kituo cha Nzuguni, penye mabasi yanayopanga foleni alfajiri, pangefaa kuanzia. Kwa wenzetu wa Zanzibar, ambako mambo ya barabara yana sheria na wakaguzi wake, tungependekeza nyongeza moja kwa ajili ya chumvi: waya wa eksileta wa gari la abiria ubadilishwe kwa muda uliowekwa, hata kama kwa macho unaonekana mzima, na tarehe iandikwe katika kitabu cha gari. Kwa TEMESA, inayotengeneza magari ya Serikali, agizo la namna hiyo lingewafaa hata wananchi wanaoyanunua magari hayo katika minada yakishazeeka.

Wenye magari nao wasikae kando. Siku ya gereji ihesabiwe kuwa siku ya mwenye gari, si ya dereva. Hesabu ya siku hiyo ifutwe, na dereva aliyesema pedali ni nzito asionekane mvivu. Vyama vya wasafirishaji vinaweza kulipitisha jambo hilo katika kikao kimoja.

Na kwa kuwa kila Agosti watu hukusanyika hapa Nzuguni kutazama mbegu bora, ng'ombe bora na majembe ya trekta, tungefurahi kuona katika moja ya mabanda hayo meza ndogo ya Jeshi la Polisi, na juu yake waya mmoja wa eksileta uliopasuliwa ala yake, miiba ikiwa wazi, ili mkulima anayepanda Hiace jioni kurudi Mpwapwa au Kondoa auvute kwa mkono wake mwenyewe na kuona kama utarudi.